Gunia la Makapi Mabichi

Mimi ni mwanamke mwenye wivu, na sijawahi kulificha jambo hilo. Wengine huona wivu juu ya mume, wengine juu ya kanga ya jirani. Mimi niliona wivu juu ya mwanangu wa miaka minane, na aliyenitia wivu huo alikuwa mwanamume wa makamo aliyekuwa akimfundisha kuanguka.

Nasema kuanguka kwa sababu ndicho nilichokiona siku ya kwanza nilipochungulia mlangoni mwa lile ghala. Watoto kumi na wawili wa kambi yetu walikuwa wamepanga mstari, miguu mitupu, viunoni wamejifunga kamba za katani. Walikuja mbele mmoja mmoja. Mtoto aliinama, mwalimu naye akainama, kisha akamshika shati kifuani na mkono mmoja, akageuza nyonga, na huyo hewani, na chini pu! Kabla mgongo haujatulia, mtoto alikuwa ameshaipiga sakafu kwa kiganja, akainuka, akainama tena kama aliyepewa zawadi. Zamu ya wangu ilipofika niliuma upindo wa kanga. Alirushwa, akatua, akacheka. Kile kicheko sikuwahi kukisikia nyumbani kwangu.

Nikarudi zangu kazini nimenuna.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Mjapani kwisha, katika shamba la mkonge upande wa Kilosa. Wanaume walikata mkonge, kigari cha reli kikauleta kinuni, mashine iitwayo korona ikausaga, nyuzi zikaoshwa, ndipo zikatufikia sisi wanawake tuzianike kwenye nyaya. Nyuzi hizo ndefu nyeupe tuliziita singa. Asubuhi nzima nilitembea kati ya nyaya mikono imeinuliwa, na mwanangu, tangu siku za kubebwa mgongoni, alikulia humo humo chini ya singa. Baba yake alikuwa fundi wa reli ile ndogo. Mkataba wake ulipokwisha alisema anakwenda kwao Tabora kusalimia, na hadi leo sijui anasalimia nani. Mama yangu alikuwa Mikumi. Hapa kambini nilikuwa na huyu mtoto tu, basi.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mwangalizi wa ghala la marobota. Alitoka kusini, upande wa Songea, akaingia jeshini, akapelekwa Bara Hindi na kisha Burma kupigana na Wajapani. Kule Bara Hindi, kabla hawajapelekwa mbele, sajini mmoja aliyewahi kuishi Japani ujanani aliwafundisha judo, mchezo wa kumwangusha mtu bila silaha. Wenzake walirudi na medali na blanketi, yeye akarudi na judo. Watu walimtania: umekwenda kupigana na mtu, umerudi na mchezo wake? Alijibu kwamba mchezo haukuwa na kosa lolote.

Meneja alimpa ghala kuukuu lililokuwa wazi. Mikeka aliyoizoea jeshini haikuwepo, hivyo aliwakusanyisha watoto masazo ya chumba cha brashi, zile nyuzi fupi kavu zilizo laini kama pamba, wakayashindilia ndani ya magunia na kuyapanga sakafuni. Kila Ijumaa asubuhi magunia yalifunguliwa na masazo yakaanikwa juani, kwa sababu jasho huleta uvundo. Kazi hiyo watoto waliifanya kwa zamu, na aliyekuwa na zamu alitembea kambini kama amepewa unyapara.

Sasa nieleze kilichoniuma. Zamani mwanangu akijikwaa, hata kama ni ukucha tu umeguswa, alikuja kwangu mbio nimpulizie. Nilimpulizia, nikamwambia imeisha, naye aliamini kuwa imeisha. Miezi miwili baada ya kuanza judo aliteleza pale bombani, ndoo ikaenda huku, yeye kule, nikaruka kutoka kwenye nyaya kumkimbilia. Kabla sijafika alikuwa ameshabiringika, amepiga ardhi kwa kiganja, amesimama, anaokota ndoo.

"Umeumia?"

"Hapana mama. Nimeanguka vizuri."

Nimeanguka vizuri! Nilibaki pale na mdomo wangu tayari kupuliza, sina cha kupuliza. Mtu atoke Burma huko, aje ampe mwanangu dawa ya kuanguka, na mimi niliyemzaa nikose kazi.

Jirani yangu, mwanamke aliyetoka kijiji cha Mabwerebwere ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alizidi kunichoma.

"Mwanao siku hizi ana adabu, jamani. Jana kanipa shikamoo yangu vizuri, kanipokea na mzigo."

"Kwani zamani hakuwa na adabu?"

"Aa, shoga, mbona unanijia juu? Nimemsifu tu."

Nilitafuta njia ya kulivunja lile darasa, nikaona njia ni kule kuinama. Nilipita nyumba hadi nyumba nikiuliza, hivi sisi Waislamu tunaruhusu watoto wetu kumwinamia mtu? Nilijua nilichokuwa nikifanya, dini ilikuwa kisingizio tu. Maneno yakamfikia. Naye hakukasirika, ndiyo balaa lake. Alikuwa mtu wa swala tano, akawaita wazazi akatueleza kwamba kule ni kusalimiana tu, anayeinama huinamiwa, lakini kama inatia shaka, basi tangu leo watoto watatikisa kichwa tu kidogo, na kila atakayeingia ghalani atatoa kwanza shikamoo kwa mkubwa yeyote aliyepo. Wazazi wote wakafurahi. Walimwona mtu wa busara, nami wakaniona mtu mwenye bidii ya dini. Nilitamani kulia.

Kilichonivunja kabisa ni sahani ya wali. Dada yangu aliyeolewa kijiji cha Tindiga alikuwa ameniletea mchele mpya, nikapika na samaki wa kukaanga, chakula ambacho hatukukiona mara nyingi. Nikampakulia mwanangu kwanza. Akala nusu, akausukuma ule mwingine pembeni ya sahani, akaufunika kwa kipande cha samaki.

"Huu nampelekea Mwalimu," akasema. "Yeye anakula peke yake."

"Na mimi nakula na nani ukienda kwake?"

Akanitazama, akaitazama sahani. Mtoto wa miaka minane utamdai jibu gani? Nikamwambia apeleke. Akaondoka na sahani yangu, akitembea kwa uangalifu wali usimwagike, na mimi nikakaa pale kwenye kizingiti roho inaniwaka.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu ya mwanangu kuanika masazo. Aliyaanika tangu asubuhi, akayageuza, na kabla ya adhuhuri akayarudisha magunini akafunga midomo. Mwalimu akaenda msikitini, watoto wakaenda kula. Nikachukua karai, nikateremka hadi kwenye mfereji wa kinu, mahali makapi yanapotoka baada ya korona kusaga. Aliyefanya kazi kwenye mkonge anayajua makapi mabichi. Ni ya kijani, yananuka, na maji yake yanawasha kama upupu. Wanaume wa mferejini walijipaka mafuta machafu ya mashine kabla ya kuyagusa. Mimi sikujipaka kitu.

Nikaingia ghalani, nikafungua magunia matatu ya katikati, pale watoto walipoangukia. Nikatoa masazo makavu, nikashindilia makapi mabichi, nikafunika juu kwa masazo kidogo, nikashona midomo kwa singa. Harufu haikunipa wasiwasi, maana shamba zima lilinuka hivyo hivyo. Nilijiambia kwamba watajikuna kidogo, wazazi watachukia, darasa litakufa, na mwanangu atarudi nyumbani. Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu. Kwamba mwanangu naye ana mgongo, niliwaza kidogo tu, nikalisukuma wazo hilo pembeni.

Alasiri nilikuwa nakusanya singa zilizokauka nikasikia vilio. Kumbe siku hiyo mwalimu alikuwa akionyesha mrusho mpya, na mtoto aliyemtumia kuonyeshea alikuwa wangu, kwa kuwa ndiye aliyejua kuanguka kuliko wote. Wenzake walirushwa mara mbili tatu wakaanza kujikuna. Wangu alikuwa amerusharushwa mara zisizo na idadi, na kila mara alikandamiza maji yale yapenye kwenye gunia yamwingie mwilini. Nilipomvua shati mgongo ulikuwa umevimba mwekundu tangu shingoni hadi kiunoni. Na hakuwa analia. Wenzake walilia, yeye alikuwa ameuma meno.

Nikamwosha kwa maji mengi, nikampaka mafuta ya nazi. Alikaa kanipa mgongo, kisha akageuka kuchukua kopo la mafuta, macho yake yakatua kwenye mikono yangu. Mikono yangu ilikuwa imeumuka malengelenge hadi viwikoni. Mwanika singa hawashwi, singa humfikia zimeshaoshwa. Anayewashwa ni mtu wa mferejini tu, na mtoto aliyezaliwa kambini anajua hilo kabla hajajua kuvaa suruali.

Alinitazama mikono, akanitazama usoni. Kisha akachota mafuta kwa vidole vyake viwili akaanza kunipaka.

Kesho yake mwalimu akauliza mbele ya watoto wote ni nani aliyetia makapi mabichi. Jirani yangu ndiye aliyeniletea habari, anahema.

"Mwanao kasema ni yeye! Eti alichoka kusubiri masazo yakauke, akajaza makapi. Mwalimu kamtoa. Kamwambia asiingie tena ghalani mpaka atakapoambiwa. Mtoto yule, jamani, nani angedhani?"

Nilipaswa kusema hapo hapo. Sikusema. Naandika haya kwa aibu: kitu cha kwanza nilichokihisi kilikuwa furaha. Nilihisi kama nimeshinda kesi. Mwanangu amerudi.

Na kweli alirudi. Wiki ya kwanza alikuwa mtoto ambaye kila mama angemwomba kwa Mungu. Alinichotea maji, alinishikia singa, alikula sahani yake yote. Nikiimba aliitikia. Jioni alikaa karibu yangu nikimenya mihogo, na nilipomwuliza kama anawakumbuka wenzake alisema hapana. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Kitu kimoja tu kilinishangaza, kwamba kila alasiri aliondoka na ndoo kwenda bombani na kuchukua muda mrefu kuliko foleni ilivyokuwa. Akirudi alikuwa kimya, kisha akachangamka ghafla kama mtu aliyekumbuka wajibu wake.

Wiki ya pili nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikampeleka Mikumi kwa bibi yake. Tulipanda lori lililobeba vyuma vya kinu, mimi mbele na dereva, yeye nyuma na utingo. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyekwenda kuonyesha mali yake. Mama yangu alitupokea, mtoto akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba ndefu ya bibi, akakaa kwenye kigoda. Siku nzima tulizungumza habari za ndugu, za tembo walioingia kwenye mahindi, za nani kaolewa. Mtoto alijibu alipoulizwa. Wakati wa kuondoka mama yangu akanivuta pembeni.

"Huyu mtoto ana nini?"

"Hana kitu, mama. Ametulia."

"Mtoto wa umri huu hatulii. Mtoto akitulia hivi ameficha kitu, au amefiwa."

Nikamjibu kwa ukali, jambo ambalo sikuwa na desturi nalo, halafu nikamwomba radhi, halafu tukapanda lori.

Tulipofika kambini mwanangu aliruka kutoka nyuma ya lori. Mguu ulikwama kwenye kamba, akaja chini. Niliona kwa macho yangu mwenyewe jinsi alivyoanguka: kidevu kifuani, bega mbele, akabiringika, kiganja kikapiga vumbi, akawa amesimama hata utingo hajamaliza kupiga kelele. Hakuguswa hata na jiwe moja. Kisha akaniona namtazama. Alisimama kidogo, kama anayekumbuka jambo. Akainama, akashika goti, akaja kwangu akichechemea.

"Mama," akasema, "nipulizie."

Nikapiga magoti nikalitazama lile goti. Lilikuwa zima. Vumbi lenyewe halikuwepo.

Nikapuliza. Nifanye nini? Nikapuliza, akasema imeisha, akanishika mkono tukaenda nyumbani. Mtoto wa miaka minane alikuwa akinibembeleza. Alikuwa amejua ninachokitaka, na alikuwa akinipa, kama mtu anavyompa mgonjwa uji.

Kesho yake alasiri, alipotoka na ndoo yake, mimi nikazunguka kwa njia ya bohari hadi kwa mwalimu. Watoto walikuwa bado hawajafika. Alikuwa amekaa peke yake ghalani anashona kiraka kwenye gunia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

Sikukaribia. Nilisema yote nikiwa nimesimama mlangoni, mfululizo, kama mtu anayetapika: makapi, karai, wivu, sahani ya wali. Nilisema neno wivu kwa kinywa changu. Yeye aliendelea kushona mpaka nilipomaliza.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Mtoto hufunga gunia kwa fundo. Yale matatu yalishonwa, na kwa singa, mshono wa mtu mzima."

"Ulijua! Basi mwanangu ulimtoa kwa kosa gani?"

"Sikumtoa kwa makapi. Nilimtoa kwa uongo. Nilimwambia siku atakaponitajia aliyetia, aingie. Kila alasiri anakuja hapo ulipo wewe na ndoo yake. Namwuliza, nani? Ananijibu, mimi. Namwambia, nenda. Anakwenda. Kesho anarudi."

Nikashika mwimo wa mlango. Siku zote zile nilizodhani foleni ya bombani ni ndefu.

"Hukuona kwamba unamtesa?"

Aliweka sindano chini. Kwa mara ya kwanza alishindwa kunitazama.

"Niliona. Mama, mimi nina watoto watatu kwetu. Niliwaacha wadogo nikaenda vitani. Niliporudi waliniita mgeni, wakanitengea kiti cha mgeni, nikashindwa kukaa, ndiyo nikaja huku. Sasa huyu wako alikuwa akinitazama usoni kila siku anakataa kukutaja, na mimi nikawa najiuliza, hivi mtu hufanya nini mpaka mtoto amfanyie hivi? Nilimwuliza tena na tena. Nadhani nilikuwa nataka kumwona anakutaja. Wivu tu, kama wako. Nilikosea."

Aliniambia mtoto aje leo hii, na nikamwambia atakuja.

Nilimkuta nyumbani, amenitangulia kwa njia ya bombani. Kumbe alikuwa amefika ghalani, akaniona mlangoni, akarudi. Ndoo ilikuwa nusu. Alikuwa amesimama karibu nayo, ananisubiri, na hofu ilikuwa imemjaa.

"Mama, amekugombeza?"

"Hajanigombeza."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia yote. Amesema uende."

Alitazama upande wa ghala, ambako sauti za wenzake zilikuwa zimeshaanza, na vile vishindo vya watu wanaotua chini. Kisha akanitazama mimi. Aliitazama mikono yangu, ingawa malengelenge yalikuwa yamekwisha.

"Nitajaza kwanza ndoo," akasema.

"Nitajaza mwenyewe. Nenda."

"Naweza kwenda kesho."

"Nenda, baba."

Akachukua kamba yake ya katani kwenye msumari, akajifunga kiunoni. Hakuwa na haraka. Akaniaga vizuri, akaanza kuondoka akitembea taratibu, hatua moja baada ya nyingine, mikono nyuma, kama mzee anayekwenda kwenye kikao ambacho hakimvutii sana. Aligeuka mara moja kunitazama, akaendelea hivyo hivyo, taratibu, akapita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka alipokata kona ya bohari asionekane tena. Hapo ndipo nilipomsikia akikimbia.